Mzamiaji wa Pili

Mwanamke aliyeingia bila kubisha hodi alikuwa amelowa mvua kuanzia nywele hadi viatu, na badala ya salamu alisema, "Kijiti yuko wapi?"

Fresia Godoy alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, akipanga maganda ya kome juu ya kitambaa cha plastiki cha meza ya chama cha wavuvi. Maganda yale ndiyo yaliyokuwa ramani yao. Ganda kubwa kuliko yote lilikuwa Mwamba wa Askofu, na yale madogo yaliyouzunguka yalikuwa mawe yanayojificha maji yakijaa.

"Hapa hakuna Kijiti, dada," alisema. "Labda umekosea kijiji. Hapa ni Los Huirales."

Nyuma ya kompresa ya kujazia mitungi ya hewa, mumewe Eliseo Veas aliinuka taratibu, mikono imejaa grisi, kisha akacheka. Katika miaka tisa ya ndoa Fresia alikuwa hajawahi kukisikia kicheko kile. Kilikuwa cha kijana.

"Oyarzún," alisema Eliseo. "Mirta Oyarzún. Kumbe bado upo duniani wewe."

"Nilijaribu kuondoka, wakanirudisha."

Wakakumbatiana, na Eliseo alipomwachia, koti la njano la mgeni lilibaki na alama mbili za grisi mgongoni, viganja vizima vizima, vidole vimetanuliwa.

Jina lile Fresia alilijua. Kijiji kizima kililijua, maana Eliseo hakuchoka kulisimulia: jinsi alivyonaswa kwenye wavu chini ya vizimba vya samoni kule kusini, Chiloé, kabla hajaoa, hewa imebaki ya dakika mbili, na jinsi mzamiaji mwenzake Mirta Oyarzún alivyomkata kutoka kwenye wavu ule na kumpandisha juu akiwa wa buluu kama kitambaa cha meza. Fresia alikuwa amekwisha kumshukuru mwanamke huyo mara nyingi katika sala zake. Ila alikuwa amemchora kichwani mwenyewe: mnene, wa makamo, nywele fupi za mvi, mikono ya mwokaji mikate. Hakuwa amemchorea shingo ndefu namna ile.

"Shemeji," alinong'ona Nano Pizarro, katibu wa chama na binamu ya Eliseo, aliyekuwa akinywa chai pembeni. "Utampasua Askofu."

Fresia alitazama chini. Ganda kubwa lilikuwa limeanza kupasuka chini ya kidole gumba chake. Akaliachia.

Sasa, hali ya chama mchana ule wa Alhamisi ilikuwa hivi. Mawimbi makubwa yalikuwa yamepiga pwani juma zima bila kupumzika, na utabiri ulisema bahari ingetulia asubuhi moja tu, ya Ijumaa, hadi saa nne, kisha upepo wa kusini uanze tena. Hesabu ya loko, wale konokono wakubwa wa miambani ambao kijiji kiliishi kwa kuwauza, ilitakiwa kufika idara ya uvuvi Jumatatu. Isipofika, mavuno yao yangesogezwa hadi baada ya miezi ya katazo la uvuvi. Pande zote za Askofu zilikuwa zimekwisha hesabiwa isipokuwa upande wa magharibi, ambako mwani mrefu ni msitu kamili na mpira wa hewa wa kompresa hunasa mara moja. Huko hakushukwi bila mtungi mgongoni, na wenye cheti cha mitungi walikuwa wawili, Eliseo na Fresia.

Na wawili wangetosha. Tatizo lilikuwa mashua. Don Rosamel, mzee aliyeishika mashua hapo kwa miaka thelathini, alikuwa Coquimbo tangu Jumanne akitolewa mtoto wa jicho. Baada yake, aliyejua kuizuia mashua isibamizwe mwambani pale wimbi la tatu linapokuja na kishindo alikuwa Fresia peke yake. Kwa hiyo Fresia akikaa kwenye usukani, Eliseo hana mwenzake chini. Fresia akishuka, hakuna wa kushika usukani. Tangu asubuhi walikuwa wameyasogeza maganda huku na huku, na kila mara hesabu ilipungua mtu mmoja.

Nano ndiye aliyesema. "Tumeomba mzamiaji, Mungu kamleta mlangoni. Tena amekwisha lowa, kazi imebaki nusu."

Eliseo akageuka kumtazama Mirta, uso ukimng'aa. "Una cheti chako?"

Mirta alichelewa kidogo kujibu. Baadaye Fresia angekumbuka kuchelewa kule, lakini wakati ule alikuwa akiutazama uso wa mumewe, si wa mgeni.

"Ninacho," alisema Mirta. "Ila nilikuwa napita tu, naenda kwa dada yangu La Serena. Nilitaka tuzungumze jambo, Kijiti."

"Tutazungumza chini ya maji, kama zamani. Kaa. Nano, mpe chai mtu wa watu."

Basi wakakaa kupanga. Fresia alikuwa amepanga mizamo na Eliseo kwenye meza ile kwa miaka sita, na aliipenda saa ya kupanga kuliko hata kuzama kwenyewe, kwa sababu hapo mumewe, mtu wa maneno machache, humwaga kila kitu kilichomo kichwani. Aliyapenda maswali yake. Tukipoteana? Mkondo ukigeuka? Nani atakuwa na hewa kidogo? Yalikuwa maswali ya mtu anayekuhitaji urudi.

Leo maswali hayo yalikwenda upande mwingine wa meza.

"Tunashuka hapa, nyuma ya mgongo wa Askofu, mawimbi hayatufikii," alisema Eliseo, akiweka punje mbili za maharage kando ya ganda. "Tunafuata ukuta hadi mita ishirini na mbili. Nyuzi joto kumi na moja, labda kumi. Kuona mbele ni mita nne ukibahatika. Kamba ya hesabu mita hamsini, mimi kulia, wewe kushoto."

"Kurudi?" aliuliza Mirta.

"Wa kwanza kufika nusu mtungi anageuza. Hakuna mjadala."

"Tukipoteana, dakika moja ya kutafutana, kisha juu."

"Dakika moja," alisema Eliseo, akitabasamu. "Zamani ulinitafuta dakika nne."

"Zamani nilikuwa mjinga."

Fresia aliona afadhali atie neno lake. Alikuwa na jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. "Mita sita msimame kwanza," alisema. "Sikio lake la ..."

"La kushoto," alisema Mirta. "Bado linaziba? Tutasimama, kama kawaida."

 Fresia aliyahesabu mambo ya mumewe aliyoyajua yeye tu duniani, na sikio la mita sita lilikuwa mojawapo. Alikuwa ameliweka pamoja na yale mengine ya chumbani. Kumbe lilikuwa na mwenyewe kabla yake.

Kisha wawili wale wakaanza kupitia ishara za mikono. Za kawaida Fresia alizijua. Lakini ghafla Mirta akavuta sikio mara mbili, Eliseo akajibu kwa kugonga kifundo cha mkono, Mirta akachora duara hewani, wote wawili wakacheka, na hakuna neno lililokuwa limesemwa.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Fresia.

"Aa, za kule kusini," alisema Eliseo. "Ndefu kueleza."

"Shemeji," alisema Nano, akikata mkate, "usijali, mimi pia sielewi. Nadhani wanatusengenya."

"Nani kasema najali?"

"Hakuna. Nimeona tu unakoroga chai ambayo hujaitia sukari."

Jioni Mirta alikwenda kulala kwa mama yake Nano. Nyumbani, Fresia alipakua mchuzi wa samaki akakaa mbele ya mumewe, aliyekuwa akipiga mluzi huku akiukagua mkanda wake wa uzito wa kuzamia.

"Kijiti," alisema Fresia.

"Nilikuwa mwembamba."

"Miaka tisa hujaniambia."

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje jina nisilojua kama lipo?" Akavunja mkate vipande vidogo kuliko inavyohitajika. "Anaonekana amechoka, yule."

"Mirta? Mirta hajui kuchoka wala kuogopa. Sijaona mtu kama yule ndani ya maji."

"Na mimi?"

Eliseo aliinua macho, akashangaa kwa dhati. "Wewe ni mke wangu."

"Sikuuliza hilo."

Lakini aliyeulizwa alikuwa amerudi kwenye mkanda wake. Fresia aliosha vyombo. Alikumbuka mzamo wake wa kwanza, jinsi alivyotapika ndani ya mdomo wa hewa, kile kipande cha kuvutia pumzi, na kuendelea kushuka, kwa sababu Eliseo alikuwa mbele yake na yeye hakutaka kuachwa ufukweni kama wake wengine, wakikodolea macho maji. Alikuwa amejifunza bahari yote ile ili kukaa ubavuni mwa mtu mmoja, na sasa bahari yenyewe imemleta mwingine. Alijua wazo hilo ni la kitoto. Lilimuuma vilevile.

Asubuhi bahari ilikuwa imelala. Hata mwani wa ufukweni ulikuwa umesimama wima majini bila kuvutwa huku wala kule, jambo ambalo Los Huirales huliona mara chache kwa mwaka. Fresia alikwenda kwenye kibanda cha vifaa kuchukua koti lake la mvua, na alipofungua mlango alimkuta Mirta amekaa sakafuni, suti ya mpira imepandishwa hadi kiunoni, mikono imebanwa kati ya magoti.

Mikono ile ilikuwa ikitetemeka. Haikuwa baridi. Fresia alikuwa ameishi na wazamiaji muda wa kutosha kuujua mtetemeko wa baridi.

"Funga mlango," alisema Mirta.

Fresia akafunga.

"Nina miaka miwili sijashuka. Wavu uliniangukia kichwani, kizimba kimoja huko Quellón. Walinitoa mzima, sina hata mchubuko. Lakini nikivaa miwani tu, pumzi inakwenda. Nimejaribu kwenye bwawa la kuogelea, dada, la watoto wa shule, maji ya kifua." Alicheka bila sauti. "Nilikuja kumwambia yeye. Nilidhani yeye ndiye mtu pekee asiyehitaji kuelezwa. Na kabla sijakaa, ameninyanyua mbele ya watu kama shujaa."

Fresia alihisi kitu kikimfunguka kifuani, na aliona haya kwamba sehemu yake ilikuwa furaha. "Geuza kikombe basi," alisema.

Hiyo ilikuwa desturi ya Los Huirales, na Nano alikuwa amemweleza mgeni usiku wakila. Kabla ya kushuka, wote wa mashua hunywa chai mezani. Asiyetaka kwenda hukigeuza kikombe chake kifudifudi, na hakuna anayemuuliza sababu, si siku hiyo wala siku nyingine, na hakuna anayecheka. Don Rosamel ndiye aliyeianzisha baada ya mdogo wake kushuka na mafua kwa kuona haya kusema, wakampandisha amekufa. Kikombe kimoja kikigeuzwa, safari imevunjika.

"Nikigeuza mimi, atajua," alisema Mirta. "Wengine hawatauliza, lakini yeye atanitazama na atajua. Kitu pekee nilichobaki nacho ni kuwa, machoni pake, yule aliyemkata kwenye wavu. Huku kwingine kote mimi ni mwanamke anayehesabu magunia ya chakula cha samaki. Usimwambie. Kamwe. Niahidi."

Na Fresia, ambaye kwa saa kumi na nane alikuwa amemtakia mwanamke huyu kila aina ya aibu, aliitazama mikono yake ikitetemeka akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema, "Nakuahidi."

"Nitakwenda," alisema Mirta, akijaribu kusimama. "Ni mita ishirini na mbili tu. Pengine yeye akiwepo nitaweza."

Walikaa mezani wanne, vikombe vinne vya bati. Eliseo alipitia mpango mara ya mwisho, akizisogeza zile punje mbili za maharage ukutani mwa Askofu. Fresia hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiutazama mkono wa Mirta ulioshika kikombe. Geuza, alimwambia moyoni. Geuza, mama, nani atakufa kwa aibu? Lakini kikombe kilikwenda mdomoni, kikarudi mezani wima.

Hapo ndipo likamjia wazo baya, nalo lilimjia taratibu, likiwa limevaa vizuri. Mwache aende. Hatafika hata mita nane. Atapanda juu kama kizibo, akilia, na Eliseo atauona kwa macho yake ushujaa wa Oyarzún, na Fresia hatakuwa amevunja ahadi yoyote. Kisha akaimaliza picha ile, kwa kuwa alikuwa mzamiaji na wazamiaji hufundishwa kuimaliza picha. Mtu aliyepatwa na kiwewe chini ya maji hapandi peke yake. Humshika aliye karibu, humng'oa mdomo wa hewa, na mwani wa magharibi hauachii kitu kilichojipinda. Na Eliseo angemtafuta zaidi ya dakika moja. Angemtafuta hadi mtungi uishe.

Kulikuwa na njia nyepesi. Maneno manne tu, Mirta anaogopa, hawezi kushuka, na Eliseo angemtazama mkewe kama mtu aliyemwokoa. Alikuwa na maneno hayo kwenye ncha ya ulimi, matamu.

Fresia akanywa chai yake hadi chini, akakigeuza kikombe.

 Nje ndege mmoja, mwari, alitua juu ya boya, na maji hayakutikisika hata kidogo kumpokea. Siku nzuri kama ile.

Nano ndiye aliyevunja desturi, maskini, si kwa ubaya. Kicheko kilimtoka puani. "Ah, shemeji," alisema. "Shemeji, jamani. Kwa ajili ya koti la njano?"

"Nano," alisema Eliseo.

"Sijauliza. Nimesema tu. Mavuno ya watu arobaini ..."

"Nimesema nyamaza."

Mirta alikuwa amepauka. Alifungua kinywa. "Ngojeni. Siyo yeye, ni ..."

"Kunywa chai yako, dada," alisema Fresia, kwa sauti aliyoitumia kwa watu wanaotaka kusimama ndani ya mashua. "Inapoa. Basi la La Serena linapita saa tatu, na huku kwetu halisubiri mtu."

Walitazamana juu ya meza. Fresia hakujua uso wake mwenyewe ulionekanaje. Alitumaini ulionekana mkali. Mirta akafunga kinywa, akainamisha kichwa.

Nano aliondoka kwenda kuwaarifu wanachama, na kabla chai haijakauka kwenye vikombe habari ilikuwa imefika kwa muuza mikate: mke wa Veas kavunja mzamo kwa wivu. Wanawake wawili waliokuwa wakianika mwani ukutani walimwona Fresia akipita na kuinamia kazi yao ghafla, kama watu waliokumbuka jambo. Idara ingeandikiwa barua ya kuomba muda, na kila mtu alijua barua kama hizo hujibiwaje.

Eliseo alikuwa ufukweni akiishusha mitungi kutoka kwenye mashua, mmoja mmoja, akiilaza mchangani kwa uangalifu kama kawaida yake. Juu barabarani koti la njano lilikuwa limesimama kwenye kituo cha basi, na Mirta na Eliseo walikuwa wamekwisha kuagana, kwa mkono tu, mbele ya watu.

"Kama mwenzako wa kazi sikuulizi," alisema Eliseo bila kugeuka. "Nafuata desturi. Nauliza kama mumeo. Aliniokoa maisha, Fresia. Alikaa kwetu siku moja. Niambie tu kwamba haukuwa wivu, na hata usiponieleza ulikuwa nini, nitakuamini. Nitawaambia wote nakuamini."

Alikuwa amegeuka sasa. Alimtazama kwa yale macho ya wakati wa kupanga, macho ya kuuliza, yanayotaka urudi salama. Ndiyo macho aliyoyatamani tangu jana mchana. Fresia aliona jinsi neno moja, hapana, lingemrudishia kila kitu. Lakini alimjua mumewe. Angelipokea neno hilo, angelitafakari siku mbili, na siku ya tatu angeketi kitandani na kusema, kama sababu haikuwa wewe basi ilikuwa Mirta. Alikuwa mtu wa kumaliza mahesabu.

Basi la La Serena lilitokea kwenye kona, likapiga honi.

"Ulikuwa wivu," alisema Fresia.

Eliseo alitikisa kichwa polepole. Aliinama akachukua mtungi wake, akauweka begani. "Sikukudhania," alisema, akaanza kupanda mchanga kuelekea kibandani.

Fresia alisubiri hadi basi liondoke. Kisha akaubeba mtungi wa pili na kumfuata.